Opareta Aliyenishika Koo

Niliingia Nairobi juu ya mbuzi. Lori liliondoka Moyale alfajiri, nami nilikuwa nimekaa kwenye vyuma vya juu, miguu ikining'inia katikati ya migongo yao, fimbo mkononi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: mbuzi akilala, nimwinue kabla wenzake hawajamkanyaga. Marsabit tulikunywa chai, Isiolo tukabadilisha gurudumu, na baada ya hapo nikapoteza hesabu ya miji, kwa sababu vibao vya barabarani vilinipita kama nyuso za watu nisiowajua. Dereva alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Tumefika wapi?"

"Hapo mbele kuna kibao," nikamwambia.

"Kinasemaje?"

Nikajifanya kuna mbuzi amelala.

Asubuhi ya pili tulishusha Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, na mimi nikashuka pamoja nao.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza miaka mingi kabla ya lori lile. Kutoka kwetu Kimilili nilikwenda Kitale kwenye ghala la mahindi, kisha Lodwar, kisha Isiolo, kisha Moyale, na vituo vingine vingi katikati. Watu waliniita mtu wa miguu, wakadhani napenda kuona nchi. Nchi niliipenda, ndiyo. Lakini kila mahali nilipofanya kazi vizuri, tajiri alinipenda, na akishanipenda aliniletea kalamu. "Wewe uko na fomu foo, bwana. Njoo uwe karani." Usiku wa siku hiyo nilifunga mfuko. Sikuwahi kumuaga mtu yeyote, kwa sababu ukiaga unaulizwa sababu.

Sekondari nilimaliza, huo si uongo. Nilikuwa na masikio makali na rafiki aliyependa kusoma kwa sauti. Ubaoni nilinakili herufi kama mtu anavyochora maua. Mtihani wa mwisho nilipata E iliyonyooka kama mlingoti. Herufi nilizijua zote kwa majina, nikaweza kuziimba: ei, bii, sii, dii. Lakini nikikuta m-a-m-a, nilisema "em, ei, em, ei", na hakuna mama yeyote aliyetokea.

Huyo ndiye mtu aliyefika mlangoni kwa Opareta.

Opareta alikuwa mama mzee aliyeishi Jericho, katika zile nyumba za zamani za kaunsili, na jina hilo lilitokana na kazi. Alikuwa amekaa miaka thelathini kwenye ubao wa simu wa ofisi moja ya mjini, akiunganisha watu. Kuhusu alikozaliwa na watu wake sitasema kitu, maana hakuwahi kusema, na mtu aliyemuuliza alijibiwa, "Laini hiyo ina shughuli." Nilichojua ni kwamba kila Ijumaa alinunua kichwa cha mbuzi cha supu, na kwamba kila siku saa kumi alasiri, sebuleni kwake, alifundisha watu wazima kusoma. Hakuna aliyemtuma kazi hiyo wala kumlipa.

Nilipelekwa kwake na kosa. Tajiri wangu Kiamaiko aliitwa Dida, na mbuzi wake walipakwa D ya buluu mgongoni. Zizi lililofuata lilikuwa la Tulu, na wake walipakwa T ya buluu ile ile. Asubuhi moja, nikiwa mgeni pale, Dida alinipigia akiwa bado njiani: "Lori imefika? Piga D wote." Mimi nikachovya brashi nikapiga wote. Kule kwetu, shuleni na nyumbani, sauti hizo mbili zilikuwa moja. Nilisikia "ti", nikachora T iliyonyooka vizuri, nikajivunia. Kabla ya saa tatu mbuzi wa Dida walikuwa wamechinjwa kwa jina la Tulu.

Mchinjaji mmoja tuliyemwita Chuma alicheka hadi akaweka kisu chini. "Budaa, umechoma! Si ulituambia uko na fomu foo? Fomu foo ya kuchota maji?"

Dida hakucheka wala hakufoka. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mimi na Tulu tutaelewana," alisema. "Wewe sikia. Sasa ni Agosti. Krismasi lori zinakuja moja juu ya nyingine, na mbuzi wa watu wamechanganyika ndani. Hapo nataka mtu wa kusoma kibali, asome jina, apake alama. Kama ni wewe, sawa. Kama si wewe, sawa pia."

Nilikuwa nimefika miaka arobaini. Jioni hiyo niliutazama mfuko wangu ukutani, na kwa mara ya kwanza nilihisi uchovu wa kuufunga. Sikuwa na mji mwingine kichwani. Mpaka Krismasi, basi: ama nisome, ama nitoroke tena, na kutoroka kulikuwa kumeniishia.

Ijumaa hiyo Chuma alinipa kichwa cha mbuzi ndani ya gazeti nikipeleke Jericho. Mama mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua mlango.

"Kimetoka kwa nani?"

"Kwa Tita, Mama."

Alinikazia macho mdomoni. "Rudia."

"Tita."

Akanyoosha mkono akanishika koo. Hivi hivi, mlangoni, mtu asiyenijua, nami nimebeba kichwa cha mbuzi. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya baridi.

"Rudia tena."

"Tita."

"Koo limelala," alisema, kama daktari anayesoma kipimo. Kisha akauchukua mkono wangu wenye damu ya mbuzi, akauweka kooni kwake mwenyewe, akasema polepole, "Di. Da." Nikasikia kitu kinatetemeka chini ya ngozi, kama simu iliyowekwa mezani bila mlio. "Ti. Ta." Kimya. "Di." Kikatetemeka. "Dida ana mtetemo. Tita hana. Wewe tajiri wako umemuua kila siku unapomwita. Njoo kesho saa kumi, na unawe."

Kwa hiyo nitaanza na mikono yake, kwa sababu ndiyo iliyofundisha. Hakuna mwanafunzi wa Opareta ambaye hakushikwa koo. Kwa sauti nyingine alitumia karatasi: alikuwa na rundo la zile karatasi nyembamba za kupigia chapa nakala, alizotoka nazo kazini, akizikata vipande vyembamba kama utepe. Ulishika kipande mbele ya midomo. Ukisema "pa", kiliruka. Ukisema "ba", kilitikisika kidogo tu. Siku uliyofanya vizuri hakukusifu. Alikukatia karatasi mpya. Nilikaa wiki tatu na ile ya kwanza, ikachakaa kama noti ya sokoni.

Na alikuwa na ubao. Aliutengeneza mwenyewe kwa plaiwudi: matundu ya irabu tano juu, matundu ya konsonanti chini, na kamba za viatu zenye misumari ncha zote mbili. Ulichomeka msumari mmoja kwenye M na mwingine kwenye A, na ulipokuwa ukivuta kamba ulivuta na sauti, "mmmm-a", bila kupumua katikati. Hapo ndipo simu ilikuwa imeunganishwa. Alikataza kabisa majina ya herufi. Ukisema "em" alikunja uso kama aliyekanyaga mwiba.

"Em ni jina lake. Jina ni la polisi," alisema. "Mtu akipiga simu, anachokupa ni sauti. Em inafanya nini kazini?"

"Inasema mmm, Mama."

"Basi mwache afanye kazi."

Maneno yake yote yalikuwa ya ubao wa simu. Uliposita katikati ya neno alisema, "Usikate simu. Subiri kwenye laini." Ulipobahatisha neno kwa kutazama herufi ya kwanza, jambo nililolifanya maisha yangu yote, alikasirika kweli: "Kubahatisha ni kumuunganisha mtu na yeyote aliye karibu! Mtu amemtaka daktari, wewe unampa kinyozi."

Tulikuwa watatu wa kudumu. Mama Githeri aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye soko la Jericho, na alikuja na masufuria yake matupu. Mzee wa Reli alikuwa amestaafu kutoka karakana ya treni, alivaa koti hata kwenye jua, na alitaka jambo moja: kusoma zaburi kanisani kwa macho yake mwenyewe. Kama ilivyo kwa watu wa makamo wanaojifunza, tulichekana kabla hatujachekwa.

"Wewe Mluhya," Mama Githeri aliniambia akiiga matamshi yangu, "leo umeleta mpusi wangapi?"

"Wengi, Mama. Umepika shapati ngapi?"

"Nimepika shapati na shai!" alisema kwa kiburi, kisha akasikia mwenyewe, akajipiga paja. Yeye "ch" ilimshinda kama mimi "d" ilivyonishinda. Opareta alitutazama midomo, akatukatia vipande viwili vya karatasi, akatuketisha ana kwa ana: mimi nipeperushe "sh" na "ch" nimwonyeshe, yeye ashike koo langu kwa "d". "Kila mmoja ana dawa ya mwenzake," alisema. Wanawake wa nyumba ya pili walipochungulia na kuona mama wa watu amenishika koo na mimi nampulizia usoni, walifunga pazia.

Mzee wa Reli alitudanganya wote. Wiki ya sita alifungua Biblia akaisoma zaburi yake yote bila kukosea, akigeuza hata ukurasa mahali panapostahili. Tulipiga makofi. Opareta hakupiga. Alichukua daftari, akaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa, akamsukumia.

Mzee aliinama. "Mze... Mzee. Mzee wa re... reli." Akatabasamu. "Mzee wa reli a-na... ana-ko... ko-ro... anakoroma." Akanyanyua kichwa. "Nani anakoroma?"

"Ah! Hayo umesoma," Opareta alisema. "Yale ya kwanza ulikuwa umeyabeba kutoka nyumbani." Akamkatia karatasi mpya. Mzee aliisoma sentensi ile mara nne kwa hasira na furaha, na mimi, mbeba maneno wa miaka mingi, nilitazama viatu vyangu. Mama yule alijua sisi wenye kukariri tunavyojificha. Tunajificha ndani ya kitabu kilichofunguliwa.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na ukali wa kuudhi. Watoto wa jirani hakuwapenda, alisema wana shule na wamwachie yeye wazee. Aliwahi kumfukuza Mama Githeri kwa kuchelewa, kisha kesho yake akanunua githeri yake yote ili awahi. Mtaani walisema anaringa: unamwita njiani "Mama Opareta, habari!" anapita kama gari la serikali. Na jambo lililotushangaza wote: mtu aliyelishwa na simu miaka thelathini alikuwa na simu ya mkononi aliyoiweka ndani ya kopo la sukari, kabatini. Ililia humo hadi ikachoka. Hakuigusa.

"Mama, simu," tungemwambia.

"Iache. Nimepokea za kutosha."

Mwezi wa Novemba mvua kubwa ilishuka tukiwa darasani. Sehemu ya nyuma ya sebule ilikuwa imeongezwa kwa mabati, na maji yalipiga pale hadi huwezi kusikia mawazo yako. Sisi watatu tulinyamaza, kama inavyofanyika kila mahali mvua ikipiga hivyo. Opareta hakunyamaza. Aliendelea, mdomo wake ukienda, kidole ubaoni, kisha akatutazama akingoja jibu. Akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mmekufa?" nilimsoma midomo, kwa sababu sauti yake haikufika. Mama Githeri akaelekeza kidole juu. Opareta akainua macho kwenye mabati, na nikaona uso wa mtu aliyekamatwa. Niliujua uso ule vizuri sana. Nilikuwa nimeuvaa Kitale, Lodwar, Isiolo.

Mvua ilipopungua alikaa chini. "Sikio la kushoto lilifia kazini," alisema, "chini ya kile chombo cha kichwani. La kulia likalifuata kwa mapenzi. Kidogo kidogo. Sasa limebaki tundu la sindano."

"Tangu lini, Mama?" Mzee wa Reli aliuliza, akisahau. Ikabidi amgeukie na kurudia.

"Kabla sijawajua nyinyi."

Ndipo nikaelewa mkono kooni, na karatasi, na macho yale midomoni. Alikuwa amebuni njia ya kusikia, na akatufundishia hiyo hiyo. Kwake yeye "d" na "t" zilikuwa zimeungana, kama zilivyokuwa kwangu tangu utoto. Tofauti ni kwamba yeye alikataa kubahatisha.

Mama Githeri, Mungu ambariki, alisimama mbele yake, akashika karatasi mbele ya midomo, akafungua mdomo wazi kabisa, akasema, "Cha. Pa. Ti." Karatasi ikaruka mara mbili. Opareta akaanza kucheka, nasi tukashusha pumzi.

Krismasi ilifika. Lori la kwanza liliingia Kiamaiko saa kumi na mbili asubuhi, Dida amesimama pembeni na shanga zake za tasbihi mkononi, Chuma na wenzake wamekaa ukutani kama watu waliolipia kiti. Dereva akanipa kibali. Mstari wa kwanza ulikuwa mahali walikotoka, na palepale nikakwama, maana Opareta alitufundisha maneno yanayomalizika kwa irabu, na hili lilikuwa na konsonanti zisizo na mwenzi. "Mma... Mar..." Nyuma yangu mtu akakohoa. Kila kitu ndani yangu kilisema: bahatisha. Sema Moyale. Usikate simu, nikajibu mwenyewe. Subiri kwenye laini. "Mar... sa... bi... Marsabit."

"Endelea," Dida alisema.

Chini yake kulikuwa na majina mawili, kama alivyonionya. Niliweka mkono kooni.

"Niaje, budaa, unajinyonga?" Chuma alipaza sauti. Wakacheka.

Sikujali. Niligusa la kwanza, nikatamka mwanzo wake. Koo likalala. Niligusa la pili. Koo likatetemeka chini ya vidole vyangu, wazi kabisa, kama simu juu ya meza.

"Wenye masikio yaliyokatwa ncha ni wa Tulu," nikasoma. "Waliobaki ni wa Dida."

Nilisema Dida. Alisikia. Miezi yote alikuwa ananisikia namwita Tita na hakuwahi kuniambia. Akazungusha shanga mara moja. "Haya," alisema. "Paka. Halafu kuja chai."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia nikipaka zile D. Nadhani ni kama mtu aliyebeba gunia miaka ishirini na mitano, akaambiwa liweke hapo, halafu mikono inabaki ikielea yenyewe.

Nilikaa Kiamaiko miaka minne baada ya hapo, muda mrefu kuliko mahali popote. Mzee wa Reli alisoma zaburi yake kanisani, taratibu sana hadi kwaya ikaketi chini kungoja, na nasikia alipofika mwisho alitaka kuanza tena. Mama Githeri alijiandikia kibao chake, CHAPATI, na akaipiga CH rangi nyekundu.

Mimi miguu ilianza kuniwasha tena. Dada yangu Kimilili alikuwa ameniandikia ujumbe kwamba shamba la mama limebaki bila mtu, na niliusoma mwenyewe, mara mbili, nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa zizi. Nikajua safari hii nataka kwenda. Nilimwambia Dida kwa mdomo, akaniombea dua fupi. Kwa Opareta mdomo haungefika. Tundu la sindano nalo lilikuwa limeziba, na macho yake yalikuwa yamechoka kufuata midomo. Usiku niliandika, nikafuta, nikaandika.

Nilimkuta kwenye ngazi ya mlango, amefunga shali, wanafunzi wapya wawili ndani wakivuta kamba za ubao. Nikampa karatasi. Nakumbuka neno kwa neno:

*Mama, ninarudi kwetu. Kila mahali nilitoka bila kusema. Leo nimekuja. Nakuaka.*

Alisoma na kidole. Kilipofika mwisho kilisimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikajuta kuandika. Alikuwa anacheka.

"Unaniaka?" alisema. "Mwanangu, kuaka ni kujenga kwa mawe. Mimi ni ukuta?"

Nikaitazama karatasi. K. Nilikuwa nimeipita "d", nimeipita "b", na "g" ikanivizia siku ya mwisho. Akauchukua mkono wangu, akauweka kooni kwake, kama siku ile ya kichwa cha mbuzi. Shingo ilikuwa imekonda.

"Ga," alisema. Ikatetemeka. "Ka." Ikalala. "Ga."

"Ga," nikasema, vidole vyake vikiwa kooni kwangu. Alifumba macho akisikiliza kwa mkono. Kisha akaingia ndani akatoka na kalamu, na kipande kipya cha karatasi ile nyembamba, nikaandika upya juu ya goti langu: *Nakuaga.* Nikamnyooshea, nikachukua ile ya kwanza nikaikunja mfukoni kwa aibu.

Akanishika kiganja. "Hiyo lete. Hii iliyo sahihi ni yako, nenda nayo. Yenye kosa nitafundishia."

Alipokwisha kuiweka ndani ya daftari alienda kabatini, akafungua kopo la sukari, akaitoa ile simu, akaipangusa kwa shali na kunionyesha kioo chake.

"Usinipigie," alisema. "Niandikie."

Niliitikia kwa sauti, kwa mazoea, kisha nikakumbuka, nikaweka mkono kooni ili aone nimesema. Naye akauweka wake.

Nilivuka soko la Jericho jua likiwa juu, mfuko begani, nikimsalimu kila aliyenisalimu, nikisoma vibao kimoja kimoja: kinyozi, viatu, chapati. Hakuna aliyenifukuza na sikumkimbia mtu. Hapo ndipo mahali pa kwanza duniani nilipotoka nikiwa nimeaga, kwa g.